Ordi ya zamani na makuta kidogo: namna ya kuirudisha kwenye geimu hapa Goma

Mtu akinishika njiani kunieleza ordi (kompyuta) yake ya geimu imechoka, swali linakuja vile vile siku zote: yaya, ninunue karti grafiki gani, ile inayochora picha za geimu? Na jibu langu liko lile lile, usinunue kitu kwanza, nionyeshe ordi yako inashindwa wapi. Juu hapa kwetu dola 100 si kitu ya kuchezea, mtu anaikusanya polepole, na inauma sana kuona kijana anaimaliza yote kwa karti moja kiisha geimu inabakia kukwama paka vile ilikuwa, juu shida haikuwa karti, shida ilikuwa diski, ao ram (kumbukumbu ya muda ya ordi), ao vumbi tu.

Tena tuseme ukweli, ordi nyingi tunazochezea hapa hazikutengenezwa kwa geimu. Ni ordi za ofisi, za okazio, zinatoka Ulaya ao Dubai: Dell OptiPlex 7010, HP Elite 8300, EliteDesk 800 G1, zile boksi nyeusi. Ndani unakuta prosesa, ule ubongo wa ordi, Core i5-3470 ya 2012 ao i5-4570 ya 2013, ram giga 4, na diski ya kuzunguka. Si masini mbaya hata kidogo, iko na kori nne za kweli, ni kusema prosesa inafanya kazi nne kwa wakati moja, na mtu mwenye subira anaweza kuitoa mbali. Lakini lazima ufuate mpango.

Pima kwanza

Washa geimu ile inakusumbua, cheza dakika kumi hivi, kiisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia fasi ya Performance, uangalie. Kama ram imejaa na diski iko 100%, na geimu inasimama-simama kila ukiingia fasi mpya, hapo shida ni ram na diski, karti haihusiki kabisa. Kama ram iko na nafasi na karti inakaa 97 ao 99% muda wote, hapo sawa, karti njo inalemewa. Lakini kama karti inapumzika kwa 50% na prosesa njo inahema, ukinunua karti kubwa umetupa pesa, maana prosesa haitaweza kuipa kazi ya kutosha. Angalia kori moja moja, usiangalie jumla tu, juu kori moja inaweza kujaa kabisa wakati jumla inaonyesha 40% na wewe unafikiri prosesa iko sawa.

Kuna na jaribio lingine rahisi: shusha rezolusio ya geimu, ile hesabu ya nukta za picha, mpaka chini kabisa. Picha kwa sekunde zikipanda sana, karti njo ilikuwa imechoka. Zikibakia pale pale, ni prosesa. Programu ya MSI Afterburner ni ya bure na inakuonyesha namba zote juu ya ekrani ukiwa unacheza, naipenda sana kwa kazi hii.

Na angalia nyuma ya boksi, kable ya ekrani imechomekwa wapi. Ikiwa kwenye tundu la karti meri, ile karti kubwa inayobeba vipande vyote, wakati uko na karti grafiki ndani, unacheza na grafiki ndogo ya prosesa, karti yako inalala bure. Kuirekebisha ni kuchomoa na kuchomeka.

Vumbi letu

Goma ni mji juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji 2002, na 2021 ikafika tena pembeni, kule Buhene. Yale mawe tunajengea, tunapitia juu yake na moto (pikipiki) na magari kila siku, na lile vumbi jeusi linaingia kila fasi. Ndani ya ordi linakaa kati ya vyuma vya radiateri mpaka hewa haipiti, prosesa inapata joto, na ikipata joto inajipunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Wewe unaona geimu imekuwa nzito unasema ordi imezeeka, kumbe inashindwa kupumua.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja, safisha. Zima, chomoa kable ya umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache ili umeme uliobaki utoke, toa boksi nje ya nyumba, fungua. Pinso laini ya rangi, mpya, kavu, inatosha kwa kazi nyingi. Watu wengine wanapeleka kwa wale wa kupuliza mapira ya moto, inafanya kazi, lakini mwambie mwenye kompresa apulizie pembeni kwanza ili maji yatoke mu tuyo, usimame mbali kidogo, na ushike vantilateri na kidole isizunguke, juu ikizungushwa na ile hewa kwa nguvu zote inaharibika. Usiguse ndani na kitambaa cha maji.

Kiisha pati termiki, ile pati inayopitisha joto kati ya prosesa na radiateri. Kwenye ordi ya 2012 ambayo haijafunguliwa, ile pati imekauka. Fungua radiateri ya prosesa, pangusa na alkoli ya farmasi mpaka ing'ae, acha ikauke vizuri, weka tone moja dogo katikati, rudisha, kaza vis kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Sisi tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa ya hapa ni ya baridi, ordi safi haina sababu ya kuwaka sana. Prosesa ikipita digrii 90 wakati wa geimu, kuna kitu hakikukaa vizuri, rudia. HWiNFO itakuonyesha joto, ni ya bure pia.

Mara nyingi nimeona mtu anamalizia hapa, geimu inarudi vile ilikuwa zamani na makuta yake yanabakia mfukoni.

SSD, kiisha ram

Kama uko na pesa ya kununua kitu kimoja tu, na ordi bado iko na diski ya kuzunguka, nunua SSD, diski isiyozunguka. Diski ya kuzunguka inatafuta kila faili kwa milisekunde kumi na zaidi, SSD inatafuta kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, na geimu zinasoma mafaili madogo madogo kila saa. Kusema ukweli haitakupandishia picha kwa sekunde, usidanganywe, lakini kule kusimama-simama unapoingia fasi mpya kunapungua sana, na Windows inafunguka haraka. Chukua ya SATA, ile ya inchi 2.5 inayochomekwa na kable. Usichukue ile nyembamba ya M.2 hata kama bei yake ni chini, OptiPlex 7010 haina tundu lake.

Ukubwa: 240 giga ni kidogo lakini inasaidia, 480 ni vizuri. Counter-Strike 2 inaomba giga 85, EA FC 24 inaomba 100, kwa hiyo weka Windows na ile geimu unacheza sana kwenye SSD, zingine zibakie kwenye diski ya zamani. Usitupe ile diski, ipime na programu ya CrystalDiskInfo, ikiwa bado nzima ni stoki yako. Na SSD ya okazio ipime vile vile. Ukikuta mtu anauza tera 2 kwa bei ya giga 120, kimbia, ama ujaribu na H2testw ambayo inajaza diski yote kiisha inasoma tena, hapo uongo wa ukubwa unatoka wazi.

Ram sasa. Giga 4 leo haiendi popote, 8 njo ya chini kabisa, 16 njo unatulia. Hizi ordi zinatumia DDR3, iko na meno 240, DDR4 iko na 288 na ule mkato wake uko fasi ingine, haiingii hata ukisukuma, tafadhali usisukume. Ya laptop ni fupi, haiingii pia. Nunua mbili za ukubwa moja kuliko moja kubwa, uziweke kwenye matundu ya rangi moja, ili prosesa isome zote mbili kwa wakati moja, na kama bado unacheza bila karti grafiki hapo utaona tofauti kubwa juu grafiki ya ndani inakula kwenye ram hiyo hiyo. Kitu kingine cha kuangalia: kuna ram za DDR3 za giga 8 za bei chini sana ambazo zinafanya kazi kwenye karti meri za AMD tu, kwenye Intel ordi haiwaki. Uliza muuzaji, na ukuje na boksi yako ujaribu pale pale.

Alimantasio, watu wanaisahau

Hapa nataka nikae kidogo, juu hii njo inaua vitu vingine.

Toa kifuniko, soma karatasi iliyobandikwa kwenye alimantasio, lile boksi la ndani linalogawa umeme. Usisome ile namba kubwa ya wati tu, tafuta mstari wa volti 12, uone ampea ngapi, uzidishe mara 12. Hiyo njo nguvu ya kweli kwa prosesa na karti. Alimantasio mwepesi mkononi, imeandikwa 500W kubwa kubwa, lakini volti 12 iko na ampea 14, hiyo ni wati 168 tu, usiitegemee. Zile za Dell na HP zenyewe zinaandika ukweli: OptiPlex 7010 ya boksi kubwa iko na wati 275, ni kidogo lakini ni za kweli, kuliko ile 500 ya uongo.

Kubadilisha nako kuna mtego. 7010 inatumia kichwa cha kawaida cha pini 24, unaweza kuweka alimantasio ya kawaida. Lakini OptiPlex 9020 iko na kichwa cha pini 8, EliteDesk 800 G1 cha pini 6, hapo lazima kable ya kubadilisha. Hizo zipo, si shida. Kable ninayoikataza ni ile inayochukua umeme kwenye kichwa cha SATA kuupeleka kwenye karti grafiki. Kichwa cha SATA kinabeba wati 54 kwenye volti 12, karti inaomba zaidi, kichwa kinapata moto na plastiki inayeyuka. Usifanye hata kwa usiku moja.

Na kuran yetu, umeme wa hapa, unaijua. Ukiwa kwa SNEL ao kwa Virunga Energies, ao kwa jenereta ya jirani, kuna siku umeme unakatika na kuna siku unarudi na kishindo. Ukikatika chomoa, ukirudi ungoje dakika tano hivi utulie. Stabilizateri nzuri inasaidia kwa volti kupanda na kushuka, onduleri, ile yenye betri ndani, inakupa dakika za kuzima vizuri. Ukinunua onduleri kumbuka VA si wati, ya 650 VA mara nyingi inabeba wati 360 ao 390 tu. Kama uko na karti kubwa na ekrani, hesabu kabla.

Karti grafiki, sasa ndiyo

Ukishapima, ukasafisha, ukaweka SSD na ram, na karti bado njo inalemewa, sasa twende.

Tundu la karti meri linatoa wati 75, basi. Karti isiyopita hapo haihitaji kable ya ziada, na hizo njo karti za ordi za ofisi. GTX 750 Ti ya 2014, wati 60, giga 2. GTX 1050 Ti ya 2016, wati 75, giga 4. GTX 1650 ya 2019, wati 75, giga 4 pia, ingawa kuna zingine za 1650 ziko na tundu la pini 6, ziangalie vizuri kabla ya kulipa. RX 580 iko na nguvu kupita hizi zote lakini inaomba wati 185, donki unanunua karti na alimantasio pamoja, na zile nyingi zilichimba pesa za kripto miaka. Tena kuna RX 580 imeandikwa 2048SP, hiyo kwa kweli ni nguvu ya RX 570, ulipe bei ya 570.

Mimi kati ya zote ningechukua GTX 1650 kama bei yake inafikika. Sababu ni draiva, ile programu inayoendesha karti: NVIDIA, kampuni inayotengeneza GTX, ilimaliza draiva mpya za geimu kwa 750 Ti na 1050 Ti mu mwezi wa 10 mwaka 2025, zinabakia za usalama tu mpaka mwezi wa 10 mwaka 2028. 1650 bado inaendelea. Kama unacheza PES za zamani na GTA V tu, 1050 Ti inatosha na usijisumbue. Karti kama RX 6500 XT iache, inatumia njia nne tu za kupitisha data, imetengenezwa kwa karti meri mpya, kwenye ordi ya zamani inapoteza nguvu.

Angalia boksi yako pia. Zile nyembamba zinaomba karti fupi, ile ya nusu urefu, ya kawaida haiingii na huwezi kufunga kifuniko.

Karti za uongo ziko nyingi sokoni. Ni karti ya zamani sana imebadilishwa jina ndani, Windows yenyewe inasoma 1050 Ti, lakini geimu haiendi. Kuna alama moja ya macho: GTX za familia ya 10 hazina tena VGA, tundu la zamani la ekrani, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA, iweke chini uende. Kiisha njoo na GPU-Z, programu ya kusoma karti, kwenye fleshi, tangu 2018 inaandika FAKE mbele ya jina la karti ya namna hiyo. Sema na muuzaji kwa heshima, mzee, tuiwashe kwanza, tuweke FurMark, ile programu ya kuchosha karti, dakika kumi na tano nione joto na nione kama ekrani haina mistari. Muuzaji mwenye kitu kizuri hakatai. Garanti, hata ya wiki moja, iandikwe kwenye fakture.

Na hapo hapo usisahau ekrani: kama yako iko na VGA tu, hizo karti mpya zitahitaji adaptateri yenye chipu ndani ya kubadilisha, si ile ya kipande cha plastiki tu. Ingiza bei yake kwenye hesabu. Ekrani ndogo usiidharau, ya 1366 kwa 768 iko na nusu ya nukta za ile ya 1920 kwa 1080, karti yako dogo itashukuru.

Prosesa mwisho

Kama vipimo vilisema prosesa, usibadilishe karti meri. Kwenye 7010 na 8300, i5-3470 inatoka na i7-3770 inaingia fasi ile ile, kori nne lakini inafanya kazi nane kwa wakati moja. Kwenye 9020 na 800 G1, i7-4770 njo yake. Tundu la prosesa la 1155 (7010 na 8300) na la 1150 (9020 na 800 G1) hayachanganyiki. Lakini ujue kitu moja: prosesa za familia ya 3, kama i7-3770, hazina AVX2, kundi la amri za hesabu ndani ya prosesa, ile ilianza na familia ya 4 mwaka 2013, na geimu mpya kadhaa zinakataa kufunguka bila hiyo, hata uweke karti gani. Kama geimu unayoitaka iko mu kundi hilo, i7-3770 haitakusaidia, chunga makuta yako.

Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, na Windows 11 rasmi inaomba TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya ordi, na Intel ya familia ya 8 kwenda juu. Geimu zako za nje ya mtandao zitaendelea tu. Unaweza pia kuweka Linux na Steam, programu yake ya Proton inafungua geimu nyingi za Windows tangu 2018, ila Valorant na EA FC 24 hazikubali pale juu ya ulinzi wao dhidi ya wanaodanganya mu geimu.

Kugawa pesa, mimi naangalia kitu kitahama na wewe na kitu kitabakia. SSD, karti grafiki, onduleri, ekrani, hivi vinaingia kwenye ordi yako ijayo, kwa hiyo toa pesa huko bila woga. Ram ya DDR3 na i7 ya zamani zitabakia na ile boksi, chukua za okazio, za bei chini, usiongeze hata dola juu yake. Na kabla ya kulipa chochote uliza bei ya ordi ya okazio yenye i5-8500, ya 2018, kori sita, DDR4, Windows 11 inaikubali. Jumla ya vipande unavyotaka kununua ikikaribia bei hiyo, acha, kusanya miezi michache tena, uza ile ya zamani kwa mwanafunzi anayetaka kuandika kazi zake za shule, na uhamishe SSD na karti yako mu ile mpya.